Pointi moja, milioni saba

Chukua matokeo ya mfano, uyapange kama Baraza la Mitihani, Necta, linavyoyapanga: Uraia D, Historia C, Jiografia C, Kiswahili C, Kiingereza D, Baiolojia D, Hisabati F. Masomo saba. C ni pointi 3, D ni 4, F ni 5, jumla 26. Divisheni ya tatu inaishia 25. Kijana huyu ana C zake tatu, na hizo tatu ni tahasusi kamili ya HGK, lakini amepata foo, yaani divisheni ya nne. Kama kwenye Hisabati angepata alama 30 badala ya 29, F ingekuwa D, jumla ingeshuka hadi 25, na angekuwa na sifa ya kupangiwa shule ya kidato cha tano.

Kwa mzazi wa Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, ambaye ada ya mtoto inatoka kwenye alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, alama hiyo moja ina bei, na bei hiyo inahesabika.

Tuanze na ukubwa wa kundi lenyewe, maana wenye foo huzungumzwa kama wachache walioteleza. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024, watahiniwa wa shule waliofaulu walikuwa 477,262, sawa na asilimia 92.37. Waliopata divisheni ya kwanza hadi ya tatu walikuwa 221,953, yaani asilimia 43. Toa idadi ya pili kwenye ya kwanza, unabaki na watu 255,309 wenye divisheni ya nne. Ni karibu nusu ya wote waliofanya mtihani. Mwanafunzi wa kawaida wa Tanzania, kwa hesabu tu, ni mwenye foo. Hisabati nayo hufaulisha kama robo ya watahiniwa, kwa hiyo ile F ya kijana wetu si ajabu ya familia yake.

Ajabu ipo kwenye idadi ya masomo. Necta huhesabu masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. Aliyefanya tisa, pamoja na Fizikia na Kemia, anaweza kuitupa F yake ya Hisabati ikiwa mengine yamemkalia sawa. Aliyeacha sayansi alipoingia kidato cha tatu ili "apumzike" amebaki na yaleyale saba ya lazima, na hana pa kuificha F. Uamuzi huo huchukuliwa na mtoto wa miaka kumi na sita, mara nyingi kwa kufuata marafiki.

Sasa gharama. Aliyepata 25 akapangiwa shule ya serikali halipi ada, kwa sababu ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Zinabaki nauli, godoro, sare, ndoo na michango. Nikadirie Sh400,000 kwa mwaka, na kwa miaka miwili Sh800,000. Akitoka huko na prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, anaruhusiwa kuomba chuo kikuu. Shahada nyingi ni miaka mitatu, hivyo jumla ni mitano.

Aliyepata 26 anapita njia ya NTA, yaani ya vyuo vya kati. Sharti la kawaida la kuingia astashahada, ngazi ya NTA 4, ni D nne zisizo za masomo ya dini, na huyu anazo sita za kiwango hicho au zaidi. Atasoma NTA 4, kisha 5, kisha 6 ambayo ni stashahada. Kwa fani nyingi hiyo ni miaka mitatu. Akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, anaomba shahada kama mwenzake wa kidato cha sita. Miaka mitatu na mitatu ni sita. Amezidiwa mwaka mmoja tu, na katikati ana cheti cha kumwezesha kuajiriwa, kitu ambacho mwenzake wa kidato cha sita hana. Kwa muda, hasara ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Pesa ndiyo habari nyingine. Weka ada ya Sh1,500,000 kwa mwaka, kiwango cha kukadiria kwa chuo binafsi cha kawaida. Geto, yaani chumba cha kupanga, mjini Singida kwa Sh30,000 kwa mwezi, miezi kumi, Sh300,000. Chakula cha Sh3,000 kwa siku kwa siku 300, Sh900,000. Jumla Sh2,700,000 kwa mwaka, Sh8,100,000 kwa miaka mitatu. Toa zile laki nane za mwenye 25: tofauti ni Sh7,300,000. Hiyo ndiyo bei ya alama moja ya Hisabati, na anayeilipa ni mkulima. Serikali imemlipia aliyefaulu zaidi.

Zigeuze ziwe alizeti. Gunia likiuzwa Sh50,000, milioni mbili na laki saba ni gunia 54 kila mwaka. Kwa mavuno ya gunia sita kwa ekari, ni ekari tisa za alizeti zinazokwenda chuoni zote, kabla hujalipa trekta, palizi wala mbegu. Bei ikianguka hadi Sh35,000, na wakulima wa Singida wameshaona inavyoanguka, zinatakiwa gunia kama 77, karibu ekari 13. Na mavuno yakitoka huwa bei iko chini kabisa, ilhali vyuo hufungua Oktoba. Anayeuza yote kwa pupa mwezi wa sita analipia ada kwa bei mbaya kuliko zote.

Mikopo ipo, lakini isome vizuri. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wa stashahada mwaka 2023/24, kwa fani za kipaumbele: afya, ualimu, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo. HGK na F ya Hisabati havimpeleki kijana wetu kwenye nyingi ya hizo. Ataishia utawala, uhasibu, utunzaji kumbukumbu au ununuzi. Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo cha Utumishi wa Umma zote zina kampasi mjini Singida, na ni za kuheshimika, ila huko bumu, yaani pesa ya mkopo, la stashahada asilitegemee.

Mtazame sasa mwanafunzi mwingine. Ana D ya Kemia, D ya Baiolojia, D ya Fizikia, D ya Kiswahili, mengine yote F. Pointi 31. Kijijini atachekwa. Lakini sifa za chini za utabibu na uuguzi ni D nne, tatu kati yake zikiwa Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo kwenye karatasi mwenye 31 anafungua mlango ambao mwenye 26 haufikii. Sifa za chini si nafasi. Vyuo vya afya vya serikali hugombewa na wenye C nyingi, na wa 31 ataishia chuo binafsi. Hata hivyo afya imo kwenye fani za kipaumbele za mikopo, ila athibitishe kwanza kama kozi yake imo. Kwa watu wanaoishi jirani na Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista wa Kikatoliki miaka ya 1950, hakuna haja ya kueleza mwuguzi anafanya nini.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu kuresiti, siwezi kusema ndiyo kwa kila mtu. Kurudia ili kuifukuzia 25 kunalipa kidogo, kwa kuwa uchaguzi wa kidato cha tano serikalini huwalenga waliotoka moja kwa moja shuleni, na aliyeresiti ataangukia shule binafsi yenye ada. Kurudia ili kupata D moja inayokosekana kwenye fani unayoitaka ni jambo jingine: ni mwaka mmoja na ada ya mtihani, si milioni nane.

VETA nayo isiachwe kama mahali pa walioshindwa. Ada yake imekuwa Sh60,000 kwa kutwa na Sh120,000 kwa bweni kwa mwaka. Kabla ya vifaa, bweni ni kama gunia mbili na nusu za alizeti badala ya 54. Akifika daraja la tatu la ufundi, vyuo vingi vya kiufundi humpokea NTA 4 hata kama D zake za kidato cha nne ni mbili. Umeme, ufundi magari, uchomeleaji: huyu atafika stashahada akiwa amechelewa, lakini anaweza kuanza kupata hela kabla ya mwenzake wa utawala kumaliza mwaka wa pili.

Matokeo hutoka Januari, na wiki hiyohiyo madalali wa vyuo huanza kupita na vipeperushi, wakidai Sh20,000 au 50,000 za "kushika nafasi". Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na mwongozo wa udahili unaotaja sifa na ada za kila kozi hutolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, na kuusoma ni bure. Kozi ambayo haimo humo isilipiwe hata gunia moja.