Kipaji na Kipawa: Maana na Asili ya Nomino Mbili za Uwezo Uliofichika

Makala haya yanaeleza maana na asili ya nomino *kipaji* kwa kuilinganisha na *kipawa*. Katika matumizi ya kawaida nomino hizi huchukuliwa kuwa visawe. Hata hivyo, usawe huo unaficha tofauti ya kimofolojia yenye uzito katika mjadala wa elimu.

Nomino zote mbili zinatokana na mzizi *-pa*, ambao ni wa kale katika lugha za Kibantu. *Kipawa* imeundwa kutokana na umbo la kutendwa *-pawa*, ambalo leo nafasi yake imechukuliwa na *-pewa*. Umbo hilo linaelekeza kwenye tendo lililokwisha: kile ambacho mtu amepewa. *Kipaji*, kwa upande wake, ina kiambishi tamati *-ji*, kinachobeba dhana ya mazoea. *Mpaji* ni mwenye desturi ya kutoa, kama *mnywaji* alivyo mwenye desturi ya kunywa. Panapowekwa *ki-* mahali pa *m-*, nomino haimtaji tena mtenda, bali kitendwa: *kinywaji*, *kipaji*. Soda iliyomo katika chupa isiyofunguliwa tayari ni kinywaji, ingawa hakuna aliyeinywa. Vivyo hivyo, umbo la *kipaji* halidai kwamba tendo limekwisha kutimia. Nomino hii isichanganywe na *kipaji cha uso*, inayohusiana na *paji*, ambamo *-ji* ni sehemu ya shina.

Athari ya tofauti hii inaonekana katika Mkoa wa Pwani. Shule ya Sekondari Kibaha imo katika kundi la shule za serikali ziitwazo *shule za vipaji maalumu*, pamoja na Ilboru na Mzumbe. Minaki, iliyoko Kisarawe, haimo. Wanaopangwa katika kundi hilo ni wenye ufaulu wa juu katika mtihani, na mtihani hupima uwezo uliokwisha kudhihirika. Hivyo, katika istilahi hiyo, maana ya *kipaji* imefinywa: uwezo ambao haujajitokeza umeachwa nje ya neno linaloweza kuubeba.

Istilahi hiyo imekwisha kuzoeleka, na makala haya hayapendekezi iondolewe. Yanachosisitiza ni kwamba jina la shule lisigeuzwe kuwa fasili ya neno. Mwalimu wa Minaki amwambiapo mwanafunzi wa alama za wastani kwamba ana kipaji, hamfariji tu. Analitumia neno kwa upana unaoruhusiwa na umbo lake.