Chumba cha Futi Kumi Kinataka Lenzi Gani?

Mwezi uliopita niliitwa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, kupiga picha za mtoto aliyekuwa akitimiza mwaka mmoja. Chumba kilikuwa kama vyumba vingi vya ploti za huku: mabati, futi kumi kwa kumi, kitanda nyuma ya pazia, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe, mitungi ya maji kando ya mlango. Watu kumi na wanne, keki moja. Nilikuwa na Zorki-4 yangu, kamera ya filamu ya Kisovieti, na lenzi yake ya kawaida, Jupiter-8 ya milimita 50. Niliegemea ukuta mpaka bati likalia, na bado nilimpata anayelisha keki nikamkosa anayelishwa.

Kiwango cha kukosa kinapimika. Fremu ya filamu ina upana wa milimita 36. Zidisha 36 kwa umbali uliopo kati yako na ukuta wa mbele, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Ukiegemea ukuta, mwili wako na kamera vinakula futi moja, zinabaki tisa. Lenzi ya 50 itaona futi 6 na nusu za ukuta ule. Ya 35 itaona futi 9 na robo. Ya 28 itaona futi 11 na nusu, yaani ukuta mzima pamoja na kona zake. Ya 20 itaona 16, na zaidi ya theluthi ya picha itakuwa kuta za pembeni.

Ukisimama hapo utasema 28 imeshinda. Nami nilisema hivyo, nikaanza kutafuta.

Zorki, kama FED, kamera nyingine ya Kisovieti, hutumia lenzi za skrubu ya milimita 39, na Wasovieti walitengeneza lenzi pana tatu ambazo bado zinazunguka kwenye soko la mitumba mtandaoni: Jupiter-12 ya 35, Orion-15 ya 28, na Russar MR-2 ya 20. Jupiter-12 ndiyo nyingi, na ndiyo nafuu. Hizo nyingine mbili ni adimu na wauzaji wanalijua hilo. Kuna pia Ultron ya 28 ya Voigtländer, iliyotengenezwa na Cosina wa Japani, lenzi yenye mwanga mwingi ajabu, f/1.9, lakini ya skrubu ilishaacha kutengenezwa. Sitaijadili zaidi, anayeweza kuinunua haombwi picha za keki kwa mkopo.

Tatizo la Orion ni mwanga. Tundu lake kubwa kabisa ni f/6. Chumba cha mabati hakina dirisha la maana. Mwanga ni wa mlango na balbu moja. Kwa filamu ya ISO 400, Jupiter-8 yangu kwenye f/2 hunipa sekunde 1/30, mkono ukitulia. Jupiter-12 kwenye f/2.8 hunipa 1/15, ambayo kwa lenzi pana inashikika ukibana viwiko mbavuni. Orion itataka theluthi ya sekunde. Jaribu kumwambia mtoto wa mwaka mmoja, mbele ya keki, atulie theluthi ya sekunde. Utapata kochi zuri na moshi wenye kofia ya karatasi. Flashi ingesaidia, ila kwenye mabati yanayong'aa inarudi kukupiga usoni.

Basi ile robo tatu ya futi inayokosekana kwa 35 utaitoa wapi? Fungua mlango, rudi nyuma hatua moja, simama kizingitini. Sasa una futi kumi, na 35 inaona futi 10 na robo. Kasoro yake ni kwamba ukisimama hapo unaziba mwanga wote. Kwa hiyo chuchumaa, mwanga upite juu ya kichwa chako, na nyuso za watoto ziwe sawa na lenzi. Anayetaka kupita na mtungi wa maji atakuruka.

Kuna gharama nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Zorki ni renjifainda: hutazami kupitia lenzi, unatazama kupitia kidirisha chake, na cha Zorki-4 kinaonyesha eneo la 50 tu. Ukivalisha 35, kidirisha hakijui. Utahitaji kidirisha cha ziada cha kuchomeka juu. Kile cha Kisovieti cha kuzungusha kina 28, 35, 50, 85 na 135, kwa hiyo mwenye Russar ya 20 atatafuta chake. Kiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na angalia nyuma ya lenzi kabla ya kutuma pesa. Nimeshaumwa na nyoka huyu. Niliuziwa Mir-1 ya milimita 37, skrubu ile ile ya 39, ikaingia vizuri kabisa, na roli nzima ikatoka ukungu. Ilikuwa ya Zenit, kamera ya SLR ya Kisovieti. Zenit inataka lenzi ikae milimita 45.2 kutoka kwenye filamu, Zorki 28.8, skrubu ni moja, umbali ni tofauti. Lenzi nyingi za renjifainda zina pete nyuma inayosukuma mkono mdogo ndani ya kamera. Ukiona haina pete hiyo, achana nayo. Jupiter-12 nayo ilitengenezwa pia kwa ajili ya kamera za Kiev, na hiyo haina skrubu kabisa. Kioo cha nyuma cha Jupiter-12 kimetokeza kama jicho la chura, hivyo omba kifuniko kirefu.

Wenzangu wengi wa Eastlands, hata hivyo, wana Canon ndogo za dijitali zenye lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Sensa ya kamera hizo ina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo kwenye 18, kwa futi tisa, inaona futi 11. Ni karibu sawa na ile 28 niliyokuwa nikiitamani. Lenzi bapa ya 24 f/2.8, iliyotoka 2014 kwa karibu dola 150 kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 16, inaona futi 8 tu. Ile ya 10-18, ya mwaka huo huo kwa karibu dola 300, inaona futi 20, lakini mwanga wake unaanzia f/4.5 wakati 18-55 inaanzia f/3.5. Niliwahi kuiazima. Nyanya ya mtoto alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa picha, na alipoonyeshwa alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hiki kichwa umenipa ni cha nani?"

Mwenye Zorki au FED, nunua Jupiter-12 ya skrubu pamoja na kidirisha chake. Mwenye Canon na 18-55, usinunue kitu: zungusha hadi 18 ukachuchumae mlangoni.