Mkalamu: Ua la Kupendeza Linalohitaji Tahadhari

Wananchi wanaopenda kupamba bustani zao kwa mimea inayokwea wanaweza kuotesha mkalamu kutokana na mbegu, mradi wazingatie kuwa sehemu zote za mmea huo zina sumu.

Mkalamu, ambao kwa jina la kisayansi ni Gloriosa superba, huota wenyewe katika maeneo mengi ya Afrika, ikiwemo Tanzania, na pia barani Asia. Hukwea kwa ncha za majani yake, ambazo hujipinda na kushika fito au matawi ya jirani. Maua yake mekundu na ya njano hufanana na miali ya moto. Ndilo ua la taifa la Zimbabwe na la jimbo la Tamil Nadu nchini India, ambako mmea huo hulimwa kwa ajili ya mbegu zinazotumika viwandani kutengeneza dawa.

Ili kuotesha, mbegu hukusanywa baada ya tunda kukauka na kupasuka. Ganda laini jekundu huondolewa, mbegu hulowekwa kwa siku moja, kisha hufukiwa kina cha sentimita moja hivi katika udongo tifutifu usiotuamisha maji. Uotaji huweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Msimu wa kwanza mche hujenga kiazi chake, na maua kwa kawaida husubiri misimu miwili au mitatu. Majani yakinyauka wakati wa kiangazi, mmea using'olewe. Kiazi hupumzika ardhini na kuchipua tena mvua zinaponyesha.

Mbegu na viazi vya mkalamu vina kolchisini, kemikali inayotumika hospitalini kutibu jongo. Hata hivyo, kiwango kinachotibu na kile kinachoua havipishani sana. Aidha, viazi hivyo huweza kudhaniwa kuwa chakula. Kwa sababu hiyo, mkalamu usipandwe karibu na mazao ya mizizi wala mahali wanapocheza watoto au kulisha mifugo, na anayeshika viazi vyake avae glavu.

Wananchi wanakumbushwa kutojitengenezea dawa kwa mmea huo. Huduma za tiba asili zinasimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayotaka waganga wasajiliwe. Mtu aliyekula sehemu yoyote ya mkalamu awahishwe hospitalini mara moja, bila kusubiri kutapika au kuharisha kuanze.