Kasoro ni ya tovuti, si ya msomaji

Hivi majuzi nilikuwa Garsen, katika Kaunti ya Tana River, nikisubiri gari la kunirejesha Malindi. Jua lilipozidi niliingia katika duka moja la huduma za intaneti. Mbele ya tarakilishi aliketi kijana wa bodaboda, akijaza fomu ya ofisi moja ya umma. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alipitisha kidole chini ya kila neno, akarudi nyuma, akaanza upya. Kabla hajafika mwisho ukurasa ulijifunga, na yote aliyoyaandika yakapotea. Ilikuwa mara ya tatu.

“Mwalimu,” aliniambia alipoijua kazi yangu, “mimi tangu shule kichwa changu ni kizito. Nisomee tu, nitajibu.”

Nikamsomea. Alijibu kila swali bila kusita, na nambari ya kitambulisho chake akaitaja kwa moyo. Kazi iliyomshinda asubuhi nzima tuliimaliza kwa dakika chache.

Mimi si tabibu, na sidai kwamba naijua hali ya kijana yule. Hata hivyo, aliyoyaonyesha yanalingana na dalili za disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuendeleza maneno unaompata mtu mwenye akili timamu, anayeona vizuri na aliyefundishwa kama wenzake. Wataalamu wengi hukadiria kwamba hali hii huwapata watu kati ya 5 na 10 katika kila 100. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 50, basi, huenda ana watatu hadi watano.

Jambo hili si geni. Tabibu wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1887. Mwaka huo huo wamishenari wa Neukirchen, Wajerumani pia, walifika Ngao, kusini mwa Garsen, ambako baadaye waliitia lugha ya Kipokomo katika maandishi. Tangu enzi hizo tumezoea kuipima akili ya mtoto kwa wepesi wake wa kusoma. Leo, fomu za serikali na za vyuo zilipohamia mtandaoni, kipimo hicho kimekuwa mlango wa kila huduma.

Wapo wenzangu katika taaluma ya Kiswahili wanaosema kwamba disleksia ni ugonjwa wa Kiingereza. Kiswahili, husema, husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, basi. Hoja hii yavutia lakini haina msingi. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha wasomaji wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao ni nyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi. Hata hivyo, picha za ubongo zilionyesha upungufu ule ule katika makundi yote matatu. Tahajia nyepesi haiondoi disleksia, ila huificha. Badala ya makosa mengi tunaona kwenda polepole, na kwenda polepole sisi hukuita uzembe.

Kiswahili nacho kina uzito wake. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima. Linganisha “utakapolipa” na “usipolipa”. Maana zinapingana, lakini kinachozitofautisha kimo katikati ya neno. Mwingereza huliweka neno la kukanusha kando, jicho likaliona; sisi twalificha tumboni mwa kitenzi. Msomaji anayekwenda silabi kwa silabi akiiruka “si” moja, amelielewa agizo kinyume.

Kwa hiyo mbunifu wa tovuti ya Kiswahili hatatosheka kutafsiri ukurasa wa Kiingereza. Chukua agizo kama hili: “Maombi yatakayowasilishwa bila kulipiwa hayatashughulikiwa.” Ni Kiswahili sanifu, lakini ni mlima. Kwa nini tusiandike: “Lipa kwanza. Kisha tuma ombi lako”? Hakuna lililopungua, na hata asiye na disleksia atashukuru.

Yako mengine ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mistari iachiwe nafasi. Maneno yapangwe kutoka kushoto, upande wa kulia uachwe bila kunyooshwa, kwani maneno yetu marefu yakilazimishwa kujaza mstari huacha mapengo yanayolipotosha jicho. (Magazeti nayo yana hatia hiyo.) Aya nzima isiandikwe kwa herufi kubwa wala za mlazo. Watu husifu herufi za pekee zilizobuniwa kwa wenye disleksia, lakini majaribio kadhaa hayakuona faida yake kubwa. Kilichoonekana kusaidia, katika utafiti wa Marco Zorzi na wenzake wa mwaka 2012 kwa watoto wa Italia na Ufaransa, ni kuongeza nafasi baina ya herufi.

Sauti ni msaada mkubwa zaidi. Simu nyingi za leo zaweza kusoma Kiswahili kwa sauti, mradi ukurasa utangaze ndani ya programu yake kwamba lugha yake ni Kiswahili. Mbunifu akisahau alama hiyo ndogo, simu huenda ikakisoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu.

Na ukurasa usimfukuze mtu kwa saa. Miongozo ya kimataifa ya W3C, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, yataka mtumiaji aweze kuongezewa muda. Yataka pia kuingia kwake kusitegemee kukariri nywila au kunakili herufi zilizopindwa. Hapa kwetu Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuzifikia habari, na mwaka 2022 Shirika la Viwango la Kenya lilitoa kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa huduma za kidijitali. Kanuni tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla tovuti haijafunguliwa: je, imejaribiwa na msomaji wa polepole?

Ningependa jaribio hilo lifanyiwe Garsen. Huko mtoto wa Kipokomo hujifunza kusoma Kiswahili, lugha iliyo jamaa ya karibu ya lugha yake, ilhali jirani yake Muorma, ambaye lugha yake ni ya Kikushi, huanza na sarufi ya kigeni kabisa. Wote wawili waweza kukwama, kwa sababu tofauti. Mwalimu asiharakishe kumwita Muorma mwenye disleksia ikiwa tatizo lake ni ugeni wa lugha. Amsikilize kwanza akisimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani. Anayesimulia vizuri, akafundishwa kwa subira, akaielewa lugha ya darasa, na bado maandishi yakamgomea, huyo ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu. Wakati huo huo, mwalimu asimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Nanyi wanafunzi mnaosomea tarakilishi vyuoni, kesho mtaziunda tovuti hizi. Kijana yule wa Garsen aliniaga akisema, “Leo umeniokoa, mwalimu.” Maneno yale yaliniuma. Sikumfundisha lolote, nilimsomea tu. Mtu mzima mwenye kitambulisho na kazi yake hapaswi kuokolewa na mpita njia ili apate haki yake. Ukurasa wenyewe ungaliweza kumsomea, kumpa muda na kuyahifadhi aliyoyaandika.