Je, Wajua? Gramu chache huiharibu tani ya shaba

Shaba safi huvutwa hadi kuwa waya mwembamba bila kukatika. Ikichanganyika na kiasi kidogo tu cha metali iitwayo bismathi, ukiigonga kwa nyundo humeguka kama kigae.

Siri iko mipakani. Kipande cha shaba ni fuwele nyingi ndogo zilizobanana. Atomu ya bismathi ni kubwa mno, haienei vizuri ndani ya fuwele ya shaba, kwa hiyo husukumwa hadi pale fuwele mbili zinapokutana. Hapo ndipo uchache wake unapogeuka hatari: haikutawanyika kipande kizima, imejazana mahali pamoja. Ufa ukianza, hupita mipakani humo, na fuwele zenyewe hubaki nzima.

Lakini ni nini hasa kinachoidhoofisha mipaka hiyo: ni ukubwa wa atomu ya bismathi unaotanua mpaka, au elektroni zinazodhoofisha vifungo vya shaba? Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti yalitoa majibu mawili tofauti, tena kila moja kwa hoja nzito.

Hata dhahabu, metali laini sana, haisalimiki. Mwaka 1888 William Roberts-Austen, mkemia wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza, alionyesha kuwa takriban asilimia 0.2 ya risasi au bismathi huifanya ivunjike ovyo, isifae kwa sarafu.

Kwa kuwa bismathi ina madhara hayo, shaba ya daraja la juu katika soko la metali la London hairuhusiwi kuwa na zaidi ya gramu 2 za bismathi kwa tani.