Ubia ukivunjika, wadai hulipwa kabla ya wabia

WABIA wengi wa biashara ndogo huanza kwa kuaminiana na huachana kwa kugombea funguo za duka. Mmoja hubadilisha kufuli, mwingine huhamisha mzigo usiku, na shauri hufika mahakamani likiwa halina hata daftari la mauzo.

Nchini Tanzania, ubia wa aina hiyo unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwa mujibu wa sheria hiyo, watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida ni wabia, hata kama hawakuandikiana chochote. Kusajili jina la biashara Brela hakuifanyi kuwa kampuni. Madeni ya duka hubaki kuwa madeni ya wabia wenyewe.

Ugomvi mkubwa huwa juu ya mgawanyo. Tuchukulie wawili wamefungua duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo bila mkataba wa maandishi, wa kwanza akitoa mtaji wa shilingi milioni 8 na wa pili milioni 2. Wanapoachana, mali yote inauzwa kwa milioni 9, huku muuzaji wa jumla akidai milioni 3. Wa pili hutarajia moja ya tano ya kitakachobaki. Sivyo. Muuzaji wa jumla akishalipwa, zinabaki milioni 6 ilhali mtaji ulikuwa milioni 10. Pengo la milioni 4 ni hasara, na pasipo makubaliano tofauti hasara hugawanywa sawasawa, milioni 2 kwa kila mmoja. Wa kwanza anachukua zote 6. Wa pili anaondoka mikono mitupu. Lakini ingekuwa faida, nayo ingegawanywa nusu kwa nusu, jambo ambalo mwenye milioni 8 angeliita dhuluma.

Fedha ambazo mbia aliikopesha biashara, mbali na mtaji, hulipwa baada ya wadai wa nje na kabla ya mtaji.

Anayejitoa naye asidhani amemaliza. Wauzaji waliozoea kumkopesha, wasipoarifiwa, wanaweza kumdai hata kwa mzigo uliochukuliwa baada ya yeye kuondoka. Barua kwao na taarifa Brela hazipaswi kusubiri hukumu.

Mahakamani, kinachoombwa kwanza ni hesabu, kisha mgawo. Risiti, taarifa za benki na hata ujumbe wa simu huweza kubeba shauri. Aliyebadilisha kufuli ataulizwa ni mzigo gani aliukuta ndani.