Boya la Tangi: Waya Ikikatika, Pampu Isimame



Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha kujisaidia kando ya Mto Tana, pengine chini ya Garsen kuelekea Kipini, pengine juu kuelekea Hola. Kimechanga pesa kwa miaka. Kimenunua pampu ya stima, kimejenga mnara na kupandisha tangi la lita 10,000. Akina mama wamepumzika kuteremka mtoni na mitungi, mahali ambapo mamba naye huteka haki yake. Kila jioni kijana mmoja anawasha pampu, na ameambiwa aizime tangi likijaa.

Siku moja kuna msiba. Kijana anakwenda kuzika, anachelewa kurudi saa tatu nzima. Pampu inatoa lita 5,000 kwa saa. Fanyeni hesabu: lita 15,000 zimemwagika, yaani mitungi 750 ya lita 20. Bili ya stima ni ya kikundi. Tena maji hayo yameanguka palepale chini ya mnara. Tangi hilo likijaa lina maji ya tani 10, na ule udongo wetu mweusi ukilowa huwa kama uji. Mnara ukianza kuinama, harambee inaanza upya.

Dawa yake inajulikana. Ni swichi ya boya, inayozima pampu yenyewe maji yakifika juu. Lakini boya lililofungwa vibaya ni baya kuliko kutokuwa na boya. Kwa nini? Kwa sababu watu wanaliamini, wanakwenda kulala.

SWICHI YA KIKOMO NI NINI?

Kwenye karakana za mijini kuna mashine za kuchonga chuma na mbao zinazoongozwa na kompyuta. Siku hizi hata watu wengine wanajitengenezea nyumbani. Meza ya mashine hiyo huenda na kurudi. Ikipita mwisho wake, chuma kinagonga chuma na vitu vinavunjika. Basi huwekwa swichi ndogo kila upande. Meza ikiigusa, mashine inasimama kabla ya kugonga. Hiyo ndiyo swichi ya kikomo.

Boya la tangi ni ndugu yake. Pampu nayo ina mipaka miwili. Mpaka wa juu ni tangi limejaa. Mpaka wa chini ni maji yamekwisha pale inapovuta. Pampu ikivuta hewa haipozwi na maji, na ile mipira inayozuia maji kwenye shafti huungua. Kiangazi, Tana ikishuka, pampu nyingi hufa namna hiyo. Kwa hiyo mnahitaji swichi mbili: moja tangini, moja kule maji yanakovutwa.

FUNZO KUBWA LA LEO

Swali la kumwuliza fundi ni hili: “Waya ya boya ikikatika, pampu itafanya nini?”

Kuna majibu mawili tu. Ama pampu itasimama, ama itaendelea. Mkijibiwa itaendelea, mwambieni afunge upya.

Mnajua lori za mizigo zinazopita barabara ya Malindi, Garsen na Lamu. Upepo wa breki ukivuja wote, lori linafanya nini? Linakataa kwenda. Magurudumu yanakazwa na springi, na upepo ndio unaoishikilia springi isikaze. Upepo ukiisha, springi inashinda. Dereva analalamika, lakini watu wake wako hai. Garimoshi lilianza kutumia akili kama hiyo zamani: mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse alitengeneza breki ya upepo inayojikaza yenyewe paipu ikipasuka au mabehewa yakiachana.

Boya nalo lifungwe kwa akili hiyohiyo. Wakati wa kazi, waya za boya ziwe zimeshikana na stima ndogo inapita humo. Stima hiyo ndiyo ruhusa ya pampu kuzunguka. Tangi likijaa, boya linaachanisha waya, ruhusa inakatika, pampu inasimama. Sasa panya akitafuna waya, au jua likaipasua, au nyani akaichomoa, ruhusa inakatika vilevile. Pampu inasimama. Mtakosa maji asubuhi, mtauliza, mtatengeneza. Hamtapoteza mnara.

Ukifunga kinyume chake, yaani waya zishikane ndipo pampu izimike, basi waya ikikatika hakuna atakayejua. Boya litapanda, litapiga kelele, na hakuna wa kulisikia.

JINSI YA KUFUNGA

Kazi ya stima kubwa ni ya fundi mwenye ujuzi. Stima ya laini ni volti 240, inaua, na penye maji inaua haraka zaidi. Lakini kamati inapaswa kuelewa ili iweze kukagua. Tufuate hatua.

1. Stima ya pampu isipite ndani ya boya. Swichi ya boya ni ndogo, na moto wa mota ukiwashwa mara nyingi huunguza meno yake mpaka yagandane. Yakigandana, boya limekufa likiwa limewasha. Tumieni kontakta, yaani swichi kubwa ya sandukuni inayovutwa na koili. Boya liamuru koili tu.

2. Stima ya koili ipunguzwe na transfoma ndogo mpaka volti 24, na fyuzi yake. Hapo hata waya ikichubuka ndani ya tangi, hatari kwa mtu imepungua sana.

3. Maboya mengi yana waya tatu. Jozi moja hushikana boya likining'inia, jozi nyingine hushikana boya likielea. Msiamini rangi, maana kila kiwanda kina zake. Pimeni kwa tochi na balbu kabla ya kuliunganisha boya na kitu chochote: balbu ikiwaka, waya zimeshikana.

4. Boya la tangini litumie jozi inayoshikana likining'inia. Tangi likiwa na nafasi, ruhusa ipo. Likijaa, ruhusa hakuna.

5. Boya la kisimani litumie jozi inayoshikana likielea. Maji yakiwepo, ruhusa ipo. Yakishuka, boya linaning'inia na ruhusa inakwisha.

6. Maboya yote yafuatane katika mstari mmoja. Stima ya volti 24 itoke kwenye fyuzi, ipite boya la tangi, ipite boya la kisima, ndipo ifike kwenye koili. Ni kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akiacha, ndoo haifiki.

Kama pampu yenu ni ya sola, mara nyingi kisanduku chake kina mahali pa kufungia waya za boya. Zifungwe hapo. Msikate waya kubwa zinazotoka kwenye kisanduku hicho kwenda kwenye pampu. Someni kijitabu chake, kwa sababu vingine huhitaji kuambiwa kwanza kama boya ni la kushikana au la kuachana.

SWICHI INAYOSUMBUA HUFUNGWA KWA WAYA

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Fundi amefunga sawasawa. Lakini pampu inasimama ovyo, mara tangi likiwa nusu, mara bila sababu. Watu wanachoka. Siku moja mtu anapiga waya mbili pamoja, anaruka boya, na pampu inazunguka.

“Fundi, hii swichi yako inatunyima maji,” anasema mama mweka hazina.

“Hapana, mama. Swichi inawaambia kuna ugonjwa. Tuutafute.”

Wote wawili wana haki. Swichi nzuri husimamisha inapotakiwa, na pia haisimamishi isipotakiwa. Mkitaka watu wasiiruke, iondoleeni sababu za kusumbua:

Kwanza, boya lisikae karibu na mdomo wa paipu inayoingiza maji. Maji yanayoanguka hulirusharusha. Liwekwe upande wa pili, mbali na ukuta na ngazi lisije likanasa.

Pili, funga kizito kwenye waya ya boya, na uache kipande cha waya kati ya kizito na boya. Kipande kikiwa kifupi mno, pampu itawaka na kuzimika kila maji yakitikisika, na mota itaungua. Sentimita 30 ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha angalieni.

Tatu, mpaka wa kuzima uwe chini ya paipu ya kumwagia ziada, tuseme sentimita 20 chini yake. Yule wa mashine ya kuchonga naye haweki swichi pale chuma kinapogongana. Anaiweka kabla.

Nne, waya ya boya isilale bega kwa bega na waya kubwa ya pampu. Stima ya ile kubwa, hasa ya sola, huingiza fujo katika ile ndogo, na kisanduku kinadhani boya limebadilika. Kila moja iwe na paipu yake. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba.

Tano, msiunge waya ndani ya maji. Kiungo kiwe ndani ya kiboksi kilicho juu ya tangi. Waya iingie kwa chini ya kiboksi, na kabla ya kuingia ining'inie kidogo ili mvua idondoke. Ziba kila tundu. Chungu na mijusi hupenda sana viboksi vya stima.

Sita, maji ya Tana yana tope. Tope hushika boya likawa zito. Lisafisheni kila mnaposafisha tangi. Pale mnapovuta maji mtoni, boya lisiachwe huru mkondo ukalichukua. Likae kwenye shimo la kando au ndani ya paipu pana iliyotobolewa matundu. Katika kisima chembamba cha kuchimbwa kwa mashine boya halina nafasi ya kucheza. Tumieni kipimo cha maji kinachokuja na pampu.

Saba, kisanduku cha kontakta kiwe juu ya alama ya mafuriko. Tuliyaona maji ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya mwisho wa 2023 mpaka 2024. Wazee wanajua yalifika wapi. Waulizeni kabla ya kupigilia msumari.

HAKUNA SWICHI ISIYOKOSEA

Tusidanganyane. Waya mbili za boya zikichubuka na kugusana, itakuwa kama boya limeshikana, na pampu haitasimama. Kontakta nayo inaweza kuganda. Kwa hiyo wekeni kinga tatu, moja nyuma ya nyingine.

Ya kwanza ni boya la kawaida. Ya pili ni boya jingine juu kidogo ya lile la kwanza, lenye waya yake peke yake na paipu yake peke yake, nalo likiwa katika mstari uleule. Ya tatu haina stima kabisa: ni paipu ya kumwagia ziada, pana kuliko ile inayoingiza maji, inayopeleka maji mbali na mnara. Iishie mahali ambapo watu hupita, ili mmwagiko uonekane. Mkiona paipu hiyo inatoa maji, jueni kinga mbili tayari zimeshindwa.

KUJARIBU KILA MWEZI

Chagueni siku moja ya mwezi, kama mnavyochagua siku ya kuweka akiba. Watu wawili wafanye, na waandike katika daftari la kamati.

Pampu ikizunguka, mmoja apande ainue boya la tangi kwa mkono. Pampu isimame. Aliachie. Afanye vivyo hivyo na boya la pili.

Kisha zima stima yote, chomoa waya moja ya boya pale kwenye kiboksi, washa tena. Pampu isiwake. Hilo ndilo jaribio la waya iliyokatika, na ndilo linalosahauliwa. Zima, rudisha waya, washa. Fanyeni hivyo kwa kila boya, na la kisimani pia.

Na jambo la mwisho: kabla ya mtu yeyote kugusa pampu, swichi kuu izimwe na ufunguo uwe mfukoni mwake. Pampu yenye boya hujiwasha yenyewe maji yakipungua. Haitapiga hodi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maboya mawili na waya zake ni gharama ndogo kuliko pampu, tena ni ndogo sana kuliko mnara.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Pampu yetu inazimwa na nani? Siku akiwa hayupo, nani anajua?

2. Waya ya boya letu ikikatika leo usiku, pampu itafanya nini? Nani amejaribu?

3. Je, kuna mahali tumeruka swichi kwa waya? Ilikuwa inatusumbua kwa nini?

4. Maji ya ziada yakimwagika, yanakwenda wapi?